Kifua Kilichoachwa Wazi

Bombo, Upare Kusini
12 Aprili 2025

Kwako mkwe wangu Salha,

Salaam aleikum. Huku tupo. Mvua imeanza kwa fujo, maharage ya juu yamelala chini lakini ya bondeni yanapendeza. Mimi mzima, isipokuwa haya masikio. Sasa hata adhana ya alfajiri siisikii, wifi yako Zaituni ananiamsha kwa kunivuta mguu kama anavuta mbuzi.

Juzi alikupigia simu. Akawa anaongea huku ananitazama, anaitikia kwa kichwa, anageukia ukutani, anarudi. Alipomaliza nikamuuliza, wamesemaje? Akanisogelea sikioni akasema, "Wanakusalimia." Maongezi yote yale, mimi baba mtu napewa salamu! Ndiyo maana nimetafuta karatasi. Simu ni ya wenye masikio. Barua zako mpe konda wa basi la Same, azishushe dukani kwa kaka yako Salehe pale stendi, naye atazipandisha na gari la Bombo. Mimi nitafanya hivyo hivyo kurudi.

Mlisema mumeo Nassoro anapasuliwa moyo huko Dar Jumatano. Mwambie nipo naye. Mwambie pia ndiva imejaa. Wewe mtu wa mjini Same uliyezoea bomba unatucheka na bwawa letu la udongo, lakini mvua hizi nisipolizibua kila asubuhi likapunguza maji, ukuta utaondoka na mashamba ya watu. Kazi hii nilipewa na baba yangu, na niliyetaka kumwachia ni huyo fundi pikipiki wako mnayekwenda kumfungua kifua. Kwa hiyo tafadhali mumrudishe.

Ombi langu ni moja. Niandikie kila kitu. Mimi mzee, siyo yai.

Baba yako,
Isihaka


Dar es Salaam
17 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Barua yako imefika. Nassoro aliisoma mwenyewe kabla hajaingizwa, akacheka pale kwenye mbuzi mpaka sista akamwambia apunguze.

Operesheni imefanyika jana, imekwisha. Ile valvu ya moyo iliyoharibika wameitoa na mpya wameiweka. Amelala. Daktari anasema apumzike, kwa hiyo usione simu hazipigwi mara kwa mara.

Mimi nakula vizuri. Hapa nje kuna mama anauza wali na maharage ya nazi, anatuonea huruma sisi wenye wagonjwa, anatuongezea. Tunapolala tupo wengi. Jirani yangu ametoka Mtwara na mtoto wa miaka sita mwenye tundu kwenye moyo, basi usiku tunapiga hadithi, nimemfundisha salamu za Kipare akazikosea zote. Joto la Dar unalijua, siku nzima ni jasho. Nimenunua feni ndogo ya betri. Kanga zangu zimeshaanza kupauka kwa kufua na maji ya chumvi.

Msihangaike kuja, Baba. Watu hawaruhusiwi kuingia ovyo. Msalimie Zaituni, mwambie asisahau kumpa kuku wangu yule wa mayai pumba.

Mimi mwanao,
Salha


Bombo
19 Aprili 2025

Mwanangu Salha,

Nimesoma barua yako mbele na nyuma. Wali na maharage nimewaona. Mama wa Mtwara nimemwona, feni nimeiona, kanga nimeziona. Mwanangu amepata mistari michache, na wa mwisho unasema amelala.

Amelala vipi? Ameamka akaomba maji? Ametukana mtu? Nassoro akiamka na maumivu lazima amtukane mtu, wewe umeishi naye, unajua. Ameuliza habari zangu? Wewe umeongea naye au umemchungulia tu?

Zaituni tangu juzi anashinda jikoni macho mekundu. Nikimuuliza anasema vitunguu. Vitunguu gani hivyo vya asubuhi mpaka jioni, na mboga hatuzioni? Nikiingia anaificha simu kwenye kanga. Sasa humu ndani kiziwi ni mimi lakini mabubu ni ninyi.

Salha, nakupenda kama niliyekuzaa, kwa hiyo usinigeuze mtoto. Niambie.

Isihaka


Dar es Salaam
20 Aprili 2025

Shikamoo Baba,

Nisamehe kwa kukukera. Nitakueleza.

Moyo umechoka na operesheni. Waliusimamisha kwa muda ili wafanye kazi, damu ikawa inazungushwa na mashine, na ulipoanza tena ukapata maji kidogo. Siyo maji ya kuuzunguka, ni maji yaliyoingia ndani ya nyama yenyewe ya moyo, kwa hiyo umevimba. Wanampa dawa ya kuyatoa kwa njia ya mkojo, na mkojo unatoka. Daktari anasema huwatokea baadhi ya wagonjwa, na wengi hurudi sawa.

Jana Habibu, mtoto wa shangazi yake, alitoka Mbagala kuja kumwona. Alifika mpaka kwenye kioo. Atawapigia awaeleze.

Nassoro anakusalimia sana.

Salha


Bombo
22 Aprili 2025

Salha,

Leo watu wamekuja na mikeka.

Nilikuwa nalifunga banda la ng'ombe nikawaona wanapanda njia ya chini, wanawake mbele na sufuria, nyuma vijana na kuni. Nikadhani kuna msiba kwa jirani. Wakaingia kwangu. Dada yangu, mama yake Habibu, akanishika mikono yote miwili, mdomo ukawa unatembea, machozi yanamtoka, na mimi sisikii hata neno moja. Nikamwambia aseme kwa nguvu. Akaniachia, akaenda kukaa na wenzake. Hakuna aliyetaka kunipigia kelele sikioni jambo kama lile. Ndivyo nilivyoambiwa, mwanangu. Sikuambiwa.

Nikamkamata Zaituni, nikampa kalamu na nyuma ya kalenda, nikamwambia andika. Ameandika kwamba Habibu alipiga simu akasema, "Wamempasua, wamemwacha wazi hivyo hivyo. Jiandaeni." Kwamba yeye akakupigia wewe kukuuliza, ukajibu hali siyo nzuri ila yupo, na ukasema, "Msimwambie Baba."

Nani hapa nchini asiyejua maana ya maneno hayo? Mimi mwenyewe nimeyasema. Alipofariki mama yake Nassoro niliwatumia watoto habari kwamba mama amezidiwa, njooni, na msimwambie bibi yenu. Hatumpi mtu kifo kupitia simu akiwa amesimama njiani. Tunasema hali siyo nzuri, anafika nyumbani, anayaona maturubai.

Wakakuomba picha. Ukatuma. Nimeiona, Salha. Uso umejaa, macho yamebandikwa plasta, mdomoni bomba, na kifuani kitambaa. Nilimtazama nikashindwa kumjua mwanangu. Sheikh alipoiona akasema inna lillahi, na waliokuwa bado wanabisha wakanyamaza.

Wameshachimba, kule juu pembeni ya mama yake. Na kwa kuwa msiba umeingia, jembe halishikwi na ndiva haizibuliwi mpaka mtu azikwe, ndiyo desturi yetu. Mvua haijakatika. Nimekwenda kuitazama, maji yamefika kwenye nyasi za ukuta.

Nakuuliza mara moja. Mwanangu yuko hai au amekufa? Kama amekufa, maiti yake iko wapi na kwa nini haijaja? Na kama yuko hai, nipe kitu cha kushika.

Isihaka


Dar es Salaam
23 Aprili 2025

Baba,

Yuko hai. Naandika nikiwa nimekaa sakafuni nje ya chumba chake, na kabla ya kuandika nimeingia nikamtazama ili nisikudanganye hata kwa nusu saa.

Sasa yote. Walipomaliza kuweka valvu na kutaka kufunga kifua, moyo ulikuwa umevimba kiasi kwamba haukutoshea. Wakisogeza mifupa, unabanwa, presha inaanguka. Wakiachia, presha inapanda. Wakajaribu tena, ikawa vile vile. Basi wakaamua wasifunge. Wamefunika kwa karatasi laini ya plastiki, juu yake kitambaa, na tangu siku ile kifua chake kiko wazi, wanasubiri maji yatoke kwenye nyama ya moyo ili upungue. Amelazwa usingizi kwa dawa. Mashine inampumulia. Hajaamka, hajaniambia neno, na hakukusalimia. Ile salamu niliitunga mimi.

Ukisimama karibu naye, Baba, unaona kile kitambaa kinainuka na kushuka. Ni moyo wenyewe. Siku ya kwanza nilikimbia. Sasa nakaa nakitazama, kwa sababu kikiinuka najua.

Habibu alimuuliza sista, akajibiwa kifua bado kiko wazi. Yeye akilini mwake watu wanaoachwa wazi ni maiti waliopasuliwa kuchunguzwa. Akaondoka bila kuniaga. Zaituni tangu siku ya operesheni nilimwambia tu moyo umechoka, ndivyo vitunguu vyake. Aliponipigia baada ya Habibu, nilisema hali siyo nzuri ila yupo, nikimaanisha hali siyo nzuri na yupo. Nilisema wasikwambie kwa sababu nilikuogopea wewe, ungepanda basi na magoti yale, ufike hapa ukute kioo. Walipoanza kulia msiba, nikawaapia kwamba yuko hai. Shangazi akasema, "Pole mwanangu, tunaelewa, usiseme zaidi." Nikapiga kelele kwenye simu kwamba mume wangu ni mzima, nikasikia wanalia kwa nguvu zaidi. Wamenionea huruma kama niliyechanganyikiwa. Ndipo nikapiga picha, na picha ikanimaliza. Amevimba mwili mzima, Baba, hata pete yake imebidi ikatwe.

Umesema nikupe kitu cha kushika. Leo asubuhi nimeweka kidole kwenye kiganja chake, akakibana. Sista anasema inaweza kuwa mishipa tu imejivuta yenyewe, siyo yeye. Nakuandikia yote mawili. Mkojo wa jana ulikuwa mwingi kuliko wa juzi. Daktari ameinua kitambaa, akasema uvimbe umepungua kidogo, akasema kidogo kwa sauti ya mtu anayeogopa kunipa matumaini. Wakiona inafaa watajaribu kufunga tena.

Naogopa sana. Nilikuwa sijaliandika hilo kwa mtu yeyote.

Salha


Bombo
25 Aprili 2025

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama njiani, palepale dereva aliponipa. Nikaenda nayo nyumbani, nikawasomea wote kwa sauti yangu ya kiziwi, nadhani hata ng'ambo ya bonde wamesikia. Nilipofika pale kitambaa kinainuka, nikashindwa. Zaituni akamalizia.

Hawakuamini. Dada yangu aliandika nyuma ya kalenda: kaka, mkeo alipokufa wewe si ulitufanyia hivi hivi? Wanasema unangoja nipoe ndipo uniambie. Wanasema wewe ni mkwe mzuri. Nikaona kubishana nao ni kazi bure, na wao hawana ubaya, wameacha mashamba yao kwa ajili yangu. Nikachukua jembe.

Nikapanda mpaka kwenye ndiva, nikazibua. Mwenyewe, mchana kweupe, watu wakiwa wamekaa kwenye mikeka. Maji yalishuka kwa nguvu ambayo sijaiona miaka mingi, mfereji ukafurika mpaka njiani. Waliokuwa matangani wakayaona yanapita chini ya uwanja. Wakasimama mmoja mmoja. Mtu hawezi kuzibua ndiva mwanawe hajazikwa, hilo kila mtu hapa analijua tangu anazaliwa. Wanawake wakaanza kukunja mikeka. Sheikh alikuja akanishika bega, akaondoka. Wengine waliondoka wamenikasirikia, wanasema nimewachezea. Dada yangu hajaniaga.

Likabaki kaburi. Wazee wakasema kaburi lililochimbwa haliwezi kufukiwa tupu, litamwita mtu, lazima ulazwe mgomba ndani. Sheikh akasema hayo siyo dini. Wakavutana pale mpaka mvua ikawaloanisha. Mimi nikaenda nikakata mgomba, nikaulaza, nikafukia. Sitaki kitu chochote kimwite mwanangu, cha dini wala cha mila.

Ukuta wa ndiva ukilowa, hatuusiribi papo hapo. Tunauacha wazi utoe maji, kisha ndiyo tunaukandika. Kwa hiyo hilo la kuacha kifua wazi limeniingia akilini bila shida, na ungeniambia siku ile ile ningelala. Lakini moyo siyo udongo, na mimi sijui kitu. Waache wenyewe wapime.

Sasa sikiliza. Baina yangu na wewe tusitumie tena maneno ya watu. Siku akiamka, andika ameamka. Na siku ikiwa ile nyingine, usiniandikie amezidiwa, usiniandikie hali siyo nzuri, usiniandikie njooni. Andika neno lenyewe. Nitalitazama.

Na wewe kula.

Isihaka


Dar es Salaam
27 Aprili 2025

Baba,

Nassoro amekufa.

Ijumaa jioni walimfunga kifua. Moyo ulitosha, presha ikakaa vizuri, wakaniruhusu kumpaka mafuta miguuni. Jana mchana ikaanza kuteremka. Wakasema moyo umevimba tena, maji yamerudi. Wakafungua upya palepale kitandani, mimi nikatolewa nje. Walihangaika sana, Baba, siwezi kumlaumu mtu. Daktari alitoka leo alfajiri, kofia bado iko kichwani. Alianza kusema, "Mama, hali ya mgonjwa," nikamwambia aniambie neno lenyewe, mimi na baba yangu tumekubaliana. Akaniambia.

Barua hii inakuja na basi la kwanza, sitapiga simu kwa mtu yeyote mpaka uwe umeisoma. Nilitaka ujue wewe kwanza. Habibu anashughulikia gari na vibali. Analia, anasema ni yeye aliyemwitia kifo. Nimemwambia siyo. Tutaondoka kesho, aswaliwe Same mjini kwetu, kisha tupande.

Hakuamka hata mara moja.

Salha


Bombo
28 Aprili 2025

Kwa mkono wa Salehe, amkabidhi Salha gari likifika Same

Mwanangu Salha,

Nimeipata. Neno nimeliona.

Nimewaambia watu. Nilikwenda nyumba kwa nyumba mimi mwenyewe, nikabisha hodi, nikasema Nassoro amekufa. Wananitazama. Jirani wa kwanza alimgeukia mkewe kwanza, kisha akachukua simu. Wa pili akanipa kiti, akampigia Zaituni kuuliza kama baba yenu yuko sawa kichwani. Ijumaa ile niliwalilia kwamba mwanangu ni mzima, wakanifariji. Leo nawaambia mwanangu amekufa, wananiambia, Mzee Isihaka, tuhakikishe kwanza. Sikuwakasirikia. Nilisimama uwanjani kwa watu nikiwathibitishia kifo cha mtoto wangu, mpaka nikatoa barua yako nikaionyesha kwa kidole, hapa, soma hapa. Mtoto wa watu akasoma, akanirudishia, akakimbia kumwita baba yake.

Dada yangu hajaja. Amesema ataamini akiliona jeneza. Mwache. Mwanawe amempotosha mara moja, anaogopa kulia bure.

Tunachimba upande wa pili wa mama yake. Tuko wachache, Zaituni anapitisha maji, mimi nashika jembe kidogo, wananinyang'anya, nashika tena. Udongo umelowa, unaporomoka kila tukiteremka. Lakini mtakapofika litakuwa tayari.

Nilikuomba neno lenyewe na wewe umeniandikia, bila kuzunguka, mstari wa kwanza. Nakushukuru kwa heshima uliyonipa. Lakini nitakuambia ukweli, kwa kuwa tulikubaliana tuambiane. Nilipoifungua ile karatasi, kabla macho hayajafika, nilikuwa naomba nikute wali na maharage. Nikute mama wa Mtwara. Ningekubali kabisa unidanganye, Salha, walau siku moja nyingine.

Mwambie dereva akianza kupanda aende taratibu. Mvua imechimba barabara vibaya, kuna mashimo kuanzia kwenye kona ya kwanza mpaka juu. Kaeni pande zote mbili mlishike jeneza, lisirukeruke. Kifua chake kimeshateseka vya kutosha.

Baba yako,
Isihaka